Jirani Asiyesikika: Nyangumi wa Kipupwe na Swali la Tasbihi

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukiwa bado una nguvu na ubaridi wa kipupwe ukiwa umeshika pwani, hadi Oktoba au Novemba, nyangumi wenye nundu huwasili katika maji ya Afrika Mashariki kupandana, kuzaa na kunyonyesha, na baadhi yao huingia katika mlango wa bahari unaoitenga Dar es Salaam na Unguja, yaani maji yaleyale yanayopitiwa na boti za abiria wa Zanzibar na meli za makasha ziletazo bidhaa za Kariakoo. Jambo hilo ni la elimu ya bahari kwanza, na wataalamu wake wanalichunguza. Lakini ndani yake mna swali ambalo elimu hiyo haikuwekwa kulijibu, nalo ni kama kiumbe asiyejua lugha ya binadamu, na ambaye lugha yake binadamu haijui, anaweza kuwa jirani kwa maana ambayo dini imelipa neno hilo, yaani mwenye haki ambayo mwenzake ataulizwa juu yake. Swali hili likiulizwa katika hifadhi tulivu ya wanyama huwa jepesi, kwa kuwa hapo kila mtu amekuja akiwa tayari kuwapenda wanyama. Uzito wake huonekana likiulizwa Kariakoo, eneo la biashara la Dar es Salaam, ambako ujirani ni kazi ya kutwa ya kuvumilia spika, mikokoteni, moshi na mizigo ya watu wengine.

Nyangumi anayezungumziwa, ambaye wataalamu humwita *Megaptera novaeangliae*, alipewa sifa ya nundu kwa sababu hukunja mgongo kabla ya kuzama, na kipezi kidogo kilicho mgongoni kikainuka mithili ya nundu ya ng'ombe. Si samaki, ijapokuwa katika mazungumzo ya kila siku huhesabiwa hivyo: ana damu ya moto, huvuta hewa kwa mapafu, hubeba mimba kwa muda wa miezi 11 hadi 12, na huzaa mtoto mmoja ambaye humnyonyesha maziwa mazito yenye mafuta mengi. Aliyekomaa hufikia urefu wa mita 13 hadi 16, na mtoto huzaliwa akiwa na mita 4 au zaidi kidogo. Chakula chake kiko mbali, katika bahari za baridi zinazoizunguka Antaktika, ambako wakati wa kiangazi cha huko hula krili, yaani viumbe wadogo mfano wa uduvi wanaoogelea kwa makundi makubwa; kisha husafiri maelfu ya kilomita kuja kaskazini, na katika maji ya joto anakozalia karibu hali chochote, bali huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, hata mama mwenye mtoto akawa anatoa maziwa kwa wiki nyingi ilhali yeye mwenyewe hajapata tonge.

Kumtazama kiumbe wa namna hiyo ni kazi ya kuokoteza. Sehemu kubwa ya maisha yake hupita chini ya maji, na mtazamaji aliye botini hupewa mgongo, pumzi inayofuka kama mvuke, pengine mruko mmoja ambao karibu mwili wote hutoka majini na kuanguka kwa kishindo, pengine madume kadhaa wakifukuzana na kugongana nyuma ya jike mmoja, na mwishoni mkia. Mkia ndio hati ya utambulisho, kwa maana upande wake wa chini una mabaka meupe na meusi pamoja na makovu ambayo hayafanani kwa nyangumi wawili, na kwa hiyo picha iliyopigwa vizuri huweza kulinganishwa na picha za bahari nyingine na kuonyesha kwamba aliyeonekana hapa ndiye aliyeonekana kule. Elimu nzima ya safari za nyangumi hawa imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya sekunde zile chache ambazo mnyama anaupa ulimwengu wa juu kisogo.

Lililo kubwa zaidi, hata hivyo, haliko machoni bali masikioni. Dume wa nyangumi mwenye nundu huimba, na neno hili halikutumiwa kwa kupamba: mwaka 1971 Roger Payne na Scott McVay walieleza katika jarida la *Science* kwamba sauti zake hupangwa kwa utaratibu, sauti moja moja zikiunda vifungu, vifungu vikirudiwa na kuunda sehemu, na sehemu zikifuatana kwa mpangilio maalumu mpaka wimbo mmoja utimie, mara nyingi kwa dakika 10 hadi 20, kisha uanze upya na kuendelea kwa saa nyingi. Madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, na wimbo huo hubadilika kidogo kidogo msimu hadi msimu, kila mmoja akifuata mabadiliko ya wenzake. Na mwaka 2000 watafiti wa Australia walitangaza kwamba nyangumi wa pwani ya mashariki ya nchi hiyo waliuacha wimbo wao na kuuchukua ule wa wenzao wa magharibi katika muda wa miaka michache tu. Hapo neno silika halitoshi, na mtu hulazimika kutumia neno desturi, yaani jambo ambalo mmoja hulipokea kwa mwingine na si kwa damu. Kwa nini wanaimba ni suala ambalo bado lina mabishano: wapo wasemao ni kuwavuta majike, wapo wasemao ni madume kupimana, na upo uchunguzi wa mashariki ya Australia, uliochapishwa mwaka 2023, ulioonyesha kwamba kadiri nyangumi walivyoongezeka ndivyo madume walivyopunguza kuimba na kuzidisha kupigana.

Katika mila za dini zilizoota mizizi Dar es Salaam, sauti ya kiumbe asiyekuwa binadamu haikuwahi kuwa jambo la bure. Katika Kurani, aya ya 44 ya Sura ya Al-Israa yafundisha kwamba vyote vilivyomo mbinguni na ardhini vinamsabihi Mwenyezi Mungu, yaani vinamtakasa na kumsifu, na papo hapo huongeza kwamba wanadamu hawaufahamu utakaso huo. Wafasiri walitofautiana juu ya namna ya tasbihi hiyo. Wengine, akiwemo al-Zamakhshari aliyefariki mwaka 1144, walisema ni ya lisani-hali, maana yake ni kwamba hali yenyewe ya kitu, kuwapo kwake na ustadi wa maumbile yake, ndiyo inayomshuhudia Muumba, kama vile nyumba nzuri inavyomsifu fundi wake bila ya kusema. Wengine, na al-Qurtubi aliyefariki mwaka 1273 ni miongoni mwao, waliona kwamba ni tasbihi ya kweli, yenye kutamkwa kwa namna yake, isipokuwa masikio ya watu yamefungiwa. Hoja ya kundi la pili ina nguvu moja ambayo si rahisi kuipuuza: kama tasbihi ingekuwa ni ushahidi wa hali tu, wenye akili wangeifahamu, na isingekuwapo haja ya kuambiwa kwamba hawaifahamu. Wakristo nao wana Zaburi ya 148, inayowaita viumbe wa vilindini washiriki katika sifa pamoja na malaika na wafalme, na katika sura ya kwanza ya Mwanzo kitenzi cha Kiebrania *bara*, ambacho maana yake ni kuumba kwa kazi ya Mungu pekee, hutumika kwa mbingu na nchi, kisha kwa wale wakubwa wa baharini ambao Biblia ya Kiswahili ya Union imewaita nyangumi, kisha kwa binadamu. Kati ya mwanzo wa dunia na Adamu, basi, wa kwanza kupewa kitenzi hicho ni mkazi wa bahari.

Kisa cha Nabii Yunus, ambaye Wakristo humwita Yona, hufika hapa chenyewe, na kwa bahati mbaya huwa kinafika pamoja na ubishi usio na faida juu ya koo la mnyama. Ni kweli kwamba koo la nyangumi mwenye nundu ni jembamba mno kumpitisha mtu. Ni kweli pia kwamba kitabu cha Yona husema samaki mkubwa, ilhali Injili ya Mathayo katika tafsiri ileile ya Union husema nyangumi, na kwamba neno la Kiarabu *hut* hubeba maana zote mbili. Lakini simulizi iliyohifadhiwa na al-Tabari, mwanahistoria na mfasiri aliyefariki mwaka 923, ina jambo ambalo lina thamani kuliko vipimo vya koo. Inasimuliwa kwamba samaki alipomshusha hadi chini kabisa ya bahari, Yunus alisikia sauti asiyoitambua, akajiuliza ni nini, na akafunuliwa kwamba hiyo ni tasbihi ya wanyama wa baharini. Ndipo naye akasabihi. Watu wa Kariakoo wenye shida ya mahakama, ya deni au ya maradhi huisoma dua ya Yunus bila kuchoka, nao wanaifahamu kama dua ya aliyezongwa na giza. Kwa mujibu wa simulizi hii ni pia dua ya mtu aliyekuwa wa mwisho kuingia katika kwaya iliyokwisha kuanza, tena aliyejifunza mahali pa kuanzia kwa kuwasikiliza wasio watu.

Hata hivyo tahadhari yahitajika, kwa sababu hamu ya kumfanya nyangumi kuwa mcha Mungu ni kubwa na huleta uongo mtamu. Mwenye kusikia kwamba mnyama huyu hukaa miezi bila kula atatamani kusema kwamba anafunga. Lakini katika sheria ya Kiislamu swaumu haiwi swaumu bila nia, na nia ni azma ya moyo ambayo mtazamaji hana njia ya kuiona mgongoni wala mkiani. (Tena mama anayenyonyesha ana ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani, kwa hiyo nyangumi jike angekuwa anajitaabisha kupita alivyotakiwa.) Tasbihi ni jambo jingine. Aya haikuifunga kwenye nia, wala haikusema kwamba tendo lenye faida ya mwili haliwezi kuwa tasbihi. Kwa hiyo anayesema kwamba wimbo wa dume ni wa kutafuta jike na anayesema kwamba ni utakaso hawagombani, mradi wa pili asidai kwamba ameufasiri. Kosa ni la wote wawili pale mmoja anaposema hakuna kitu zaidi ya hicho, na mwingine anaposema anajua ni kitu gani.

Wapo pia waliowapa wanyama sauti ya kibinadamu. Wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10, waliojiita Ikhwan al-Safa, yaani Ndugu wa Usafi, waliandika risala ambamo wanyama wanawashtaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini kwa kuwafanya watumwa bila ya hati. Kila jamii ya wanyama hutuma mjumbe, na wa baharini humtuma chura, kwa kuwa anaishi majini na nchi kavu na anaweza kusema pande zote mbili. Hukumu mwishowe huwapendelea wanadamu, ingawa mashtaka hayakujibiwa kwa ukamilifu, na msomaji makini huinuka akiona kwamba mshindi ameshinda kesi bila ya kusafishwa. Chura wa zama hizi ni hidrofoni, yaani kinasa-sauti kinachozamishwa majini, na mwaka 2015 alileta ushahidi mbaya. Watafiti waliozunguka pwani ya Tanzania mwezi Machi na Aprili wa mwaka huo, wakiwatafuta nyangumi na pomboo kwa macho na kwa vinasa-sauti, walinasa milipuko ya baruti ya wavuvi zaidi ya 300, na zaidi ya nusu ya milipuko hiyo ilitokea ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Walikwenda kusikiliza tasbihi, kwa lugha ya wafasiri, wakasikia mabomu. Serikali baadaye iliendesha operesheni kali dhidi ya baruti. Lakini kwa miaka mingi samaki waliovuliwa kwa baruti waliuzwa na kuliwa, na si kila aliyewakaanga aliuliza walivuliwaje.

Hapo ndipo swali la ujirani linaporudi Kariakoo. Eneo hili lilijengwa kwa nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, ambamo familia zisizo za ukoo mmoja ziligawana jiko, kisima na kamba ya kuanikia, na ingawa maghorofa yamezila nyumba nyingi kati ya hizo, adabu ya ua haijafa: mtu hajui jirani yake anaomba nini usiku wala analia kwa nini, lakini anajua kwamba hapaswi kumwagia maji machafu mlangoni pake. Sheria ya ujirani katika Uislamu imejengwa juu ya msingi huohuo wa kutoudhi kabla ya kufahamiana. Mtume alikana imani ya mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake, na hakuweka sharti kwamba jirani huyo awe anaeleweka. Aya ya 36 ya Sura ya An-Nisaa hutaja jirani wa karibu na jirani wa mbali au mgeni, kisha hutaja na msafiri. Na ipo riwaya, ambayo wanazuoni wa hadithi hawakuafikiana juu ya nguvu yake, inayofikisha ujirani hadi nyumba arobaini. Wakristo wanaosali Azania Front au Mtakatifu Yosefu, makanisa mawili yanayoitazama bandari, wana kisa cha mwanasheria aliyemwuliza Yesu mipaka ya neno jirani na akajibiwa kwa hadithi iliyoivunja mipaka yenyewe, kwani jirani alionekana kuwa ni mgeni aliyesimama njiani.

Pingamizi lililo zito ni kwamba ujirani ni mkataba wa pande mbili, na nyangumi hawezi kumtendea Mkariakoo wema wala kumwomba radhi. Lina uzito zaidi likisemwa na maskini, kwa sababu jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia na kufa kwa maelfu bila wengi wao kuandikwa majina, na si haki kuzungumza juu ya machungu ya mnyama wa tani 30 mahali ambapo hata leo mtu hubeba gunia mgongoni tangu alfajiri ili apate ujira wa siku. Jibu haliwezi kuwa kumshusha mpagazi ili kumpandisha nyangumi. Jibu limo katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba nabii mmoja wa kale aliumwa na sisimizi, akaamuru kichuguu chao chote kichomwe, naye akalaumiwa na Mola wake kwa kuuteketeza umma mzima unaosabihi kwa sababu ya mmoja aliyemwuma. Sisimizi hawakuwa na mkataba na nabii yule, na mmoja wao alikuwa amemdhuru. Kilichowakinga ni tasbihi yao, ambayo yeye hakuisikia. Hadithi hii hufunga fundo ambalo aya ya Al-Israa ililiacha wazi: kutofahamu hakumpi mtu ruhusa, bali humwekea mpaka, kwa sababu asiyejua anachokikatiza hana kipimo cha kujua amekatiza kiasi gani.

Historia ya uvuvi wa nyangumi inajulikana vya kutosha na haihitaji maneno mengi: katika karne ya 20 waliuawa nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 katika nusu ya kusi ya dunia, Durban ikiwa na kituo chake tangu 1908 hadi 1975, na walinzi wa sasa ni marufuku ya mwaka 1963, ambayo meli za Kisovieti ziliivunja kwa siri, na hifadhi ya Bahari ya Hindi iliyotangazwa mwaka 1979. Idadi imepanda tangu hapo. Miongoni mwa madhara ya leo yamo yasiyo na chusa wala damu, nayo ni kelele. Sauti husafiri majini kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na mngurumo mzito wa injini na rafadha za meli uko katika kiwango kilekile ambamo sehemu kubwa ya wimbo wa nyangumi iko, hata nyangumi akawa kama mtu anayezungumza na mwenzake mtaa wa Kongo siku ya Jumamosi, ambako kila duka lina spika na kila spika ina mtangazaji. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa mtaa wa Kongo anaweza kugeuka na kuingia mtaa mwingine.

Mwezi Agosti mwaka 2022 dume mmoja alipigwa picha ya mkia katika mlango wa bahari wa Zanzibar. Picha ile ilipolinganishwa na nyingine, ilionekana kwamba ni yuleyule aliyeonekana mwaka 2013 na tena mwaka 2017 katika pwani ya Pasifiki ya Kolombia, umbali wa kilomita 13,046 kwa mstari mfupi kuliko yote, na makala iliyotangaza habari hiyo mwezi Desemba 2024 iliutaja kuwa mwendo mrefu kuliko wote uliowahi kurekodiwa kati ya maeneo mawili ya uzazi ya nyangumi wa aina hii. Wafasiri wangelazimika kumweka chini ya maneno yote mawili ya An-Nisaa, jirani wa mbali na msafiri. Dume anayefika ugenini, ambako wenyeji wana wimbo wao, ana njia ya kushikilia wa kwao au kujifunza huu wa hapa, sawa na Mkinga aliyeshuka kutoka Makete au Mkongomani aliyekuja kufunga mzigo, ambao wote wiki ya kwanza husikiliza zaidi kuliko wanavyosema, hadi waipate sauti ya kupatana bei. Kujifunza huko kunataka jambo moja tu, kwamba mwenye kuimba asikike. Saa tisa za usiku maduka mengi ya Kariakoo huwa yameshusha milango ya chuma, wapiga debe wamelala, na hadi muadhini wa kwanza ainue sauti mitaa mingi hubakia na walinzi na paka. Lakini nje ya bandari meli zinazosubiri zamu zimetia nanga zikiwa na makasha ya vitenge, simu na vyombo vya plastiki vitakavyofika mtaa wa Msimbazi wiki ijayo, na jenereta zao hazizimwi.